Povu la Mfereji wa Nuu

Jumatatu, 1 Julai 1935
Baridi tena. Ukungu umekaa juu ya vilima vya Nuu mpaka saa nne. Wanawake wamekuja wakitetemeka, vinu vikaanza. Jiwe jeupe likishapondwa likawa unga, tunautia kwenye mfereji wa mbao na kuumwagia maji kwa juu. Mchanga unakwenda zake, dhahabu kwa uzito wake inabaki kwenye gunia lililotandikwa chini. Jioni gunia linakung'utwa na Bwana, Mzungu mwenye kambi, anaweka vumbi lake kwenye mkebe. Kueleza ni rahisi. Kuwasimamia hawa watu ndiyo kazi.

Maji ndiyo shida kubwa. Mto ni mchanga mtupu, wanawake wanachimba mpaka kiunoni ndipo wapate ya kuteka. Kwa hiyo yakishapita mferejini yanakusanyika kwenye shimo la chini, na tunayateka tena na tena. Yamekuwa kama uji. Hakuna kumwaga hata kata moja.

Mwikali amecheka kofia yangu leo. Ni mke wa Mutua, mchimbaji. Ana mtoto wa kiume mgongoni, Kyalo, hata meno hana, na binti mdogo Syombua anayeshika upindo wa nguo yake kutwa. Alisema jambo kwa Kikamba na vinu vyote vikasimama kwa kicheko. Amesahau kwamba nimezaliwa Kitui mjini na Kikamba nakijua. Alisema kofia imekaa kama kifuniko cha chungu kisicho chake.

Nimeliweka.

Jumatano, 3 Julai
Bwana ana wasiwasi. Dhahabu ni kidogo kuliko mwezi uliopita, na jiwe ni lile lile. Ameniita hemani akanionyesha kitu. Alichukua sindano kavu, akaitupa kwenye bakuli la maji. Ikazama. Akachukua nyingine, akaisugua kwenye utosi wake, akailaza polepole. Ikaelea! Chuma kizima kimelala juu ya maji.

Anasema si uzito. Ni ngozi ya kitu. Kitu kikipakwa mafuta, hata kidogo kisichoonekana, maji hayakigusi tena, yanakikataa. Na vumbi la dhahabu ni jembamba kuliko sindano. Likipata mafuta linaelea, linapita juu ya gunia na kwenda na maji.

Nikaelewa papo hapo. Hawa wanawake wanajipaka mafuta ya mbarika toka kisogoni hadi kidoleni. Wanang'aa kama viatu vya askari. Kila kiganja kinachogusa ule unga kinaupaka.

Bwana amesema: mafuta yasionekane kambini. Akarudi kulala, homa yake imerudi.

Ijumaa, 5 Julai
Nimetangaza. Hakuna mafuta mwilini wala nywelini. Kunung'unika kukubwa. Huku, mtu asiyejipaka mafuta wakati wa baridi ni mgonjwa au ana msiba. Hilo si shauri langu.

Na kwa kuwa siwaamini, nimetafuta dawa mwenyewe. Majivu. Nimeweka debe la majivu kwenye kichwa cha mfereji. Kila mmoja akifika anasugua mikono mpaka kwenye viwiko, anamiminiwa maji, ndipo aguse kazi. Wananawia juu ya mfereji wenyewe, maji yasipotee. Bwana amesema ni akili nzuri. Nilifurahi siku nzima.

Mwikali aliniuliza, na mtoto je? Nikamwambia na mtoto vilevile, kwa sababu mtoto anampaka mama mgongoni. Akasema, "Aiya, Nyapara. Mtoto bila mafuta, baridi itaingia kifua yake." Nikamwambia amfunike blanketi.

Anajua fika hana blanketi.

Jumanne, 9 Julai
Mikono ya wanawake imepasuka. Wengine wanatoka damu kwenye vifundo wakishika mchi. Wanafanya kazi kimya sasa, hakuna kicheko. Napenda hivi.

Lakini mkebe haujai. Umepungua zaidi. Leo Bwana alitikisa gunia mwenyewe, ukatoka mstari mwembamba kama kope. Alinifokea mbele ya wachimbaji wote, mimi, mtu wa kusali na kusoma, nikasimama kama kuku aliyenyeshewa. Anasema kama mafuta yameondoka na dhahabu bado inapotea, basi kuna mwizi. Nimpe mwizi au niondoke mimi.

Nikiondoka hapa nakwenda wapi? Kwenye duka la kaka yangu pale Migwani, kupima chumvi na kumsikiliza mkewe akinihesabia matonge. Afadhali kufa.

Alhamisi, 11 Julai
Nimewapekua wote. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wazee walivyosema. Dhahabu sikuipata. Lakini ndani ya mbeleko ya Mwikali nilipata kibuyu kidogo cha mafuta. Alikuwa anampaka Kyalo kichakani, kwa siri.

Nilimwaga yale mafuta ndani ya debe la majivu, mbele ya watu. Nikamwamuru amsugue mtoto pale pale kwenye kichwa cha mfereji. Alikataa. Nikamwambia basi Mutua aache kazi leo hii. Akamsugua. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Syombua akawa analia naye, hajui kwa nini.

Mwikali hakulia. Aliniangalia tu. Kuniangalia kule kuliniudhi kuliko kicheko cha kofia.

Jumamosi, 13 Julai
Nimempa Bwana jina. Mwikali. Nani mwingine? Ndiye anayeficha vitu nguoni, ndiye anayekwenda kichakani, ndiye mwenye kiburi. Ushahidi sina, lakini moyo wangu unasema ni yeye. Na jina lilitakiwa.

Bwana alitaka apelekwe kwa polisi Kitui. Mutua akaja akipiga magoti, kisha wazee wa huku wakaja, wakasema mambo ya wizi wa siri wana njia yao. Aape kwa kithitu. Bwana akauliza ni nini. Nikamweleza: ni kiapo chao. Wana kitu kilichofungwa kwenye pembe, hata jina lake wanalitaja kwa kunong'ona. Mshtakiwa anakipiga kwa kijiti akiapa. Akiapa uongo, kifo kinaingia kwake, kinamchukua yeye au watu wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka waungame na kurudisha. Wanangoja. Mvua ikija na wote wazima, basi ni msafi na hakuna wa kumnyooshea kidole tena.

Bwana alicheka, akasema ni rahisi kuliko safari ya Kitui. Kiapo ni Ijumaa ijayo.

Jumanne, 16 Julai
Nimeona kitu.

Asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye shimo la chini, pale maji ya mfereji yanapoangukia. Siku hizi kuna povu pale, jeupe chafu, linazidi kila siku. Nilidhani ni uchafu wa mikono yao. Jua lilipochomoza likapiga lile povu, likang'aa. Si kung'aa kwa maji. Manjano.

Nikachota kwa kiganja. Kila tone la povu lina vumbi limelishika pande zote, kama nzi kwenye kidonda. Mchanga hamna. Mchanga umelala chini ya shimo, safi. Kilichopanda na povu ni dhahabu.

Nikakaa chini kwenye matope. Nikamkumbuka mama. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipika sabuni uani kwetu Kitui. Maji ya majivu na mafuta. Basi. Hakuna kingine. Nimekua nikiona majivu na mafuta yakigeuka sabuni, nimetumwa mimi kuchekecha majivu, kisha nimekuja huku nikaweka debe la majivu juu ya mfereji na kuwaambia watu wenye mafuta wasugue mikono hapo hapo. Na maji ni yale yale, tunayazungusha kila siku, sabuni inazidi kukolea. Inaivisha dhahabu koti la mafuta, maji yanaikataa, povu linaibeba, inapita juu ya gunia bila hata kuligusa.

Mafuta ya mikono pekee yalipoteza kidogo. Majivu yangu yamepoteza yote.

Hakuna mwizi.

Jumatano, 17 Julai
Nimelijaribu ili nisijidanganye. Nililikausha povu juani, nikatupia lile vumbi kwenye bakuli. Likaelea kama sindano ya Bwana. Kisha nikaliweka kwenye kifuniko cha sufuria juu ya moto. Lilitoa moshi na harufu ya sabuni iliyoungua. Lilipopoa nikalitupia tena majini. Likazama moja kwa moja, zito, la manjano. Koti limeungua, dhahabu imerudi kuwa dhahabu.

Nina kiasi cha kujaza kijiko cha chai, kwa povu la siku moja.

Kiapo ni keshokutwa. Nikisema sasa, Mwikali anarudi kwenye kinu chake na mimi ndiye niliyempotezea Bwana dhahabu ya wiki mbili kwa ujinga. Atanifukuza. Wanawake watacheka mpaka mbavu ziwaume.

Na nikinyamaza? Yeye hakuiba. Ataapa ukweli. Kiapo cha kweli hakimdhuru mtu, wao wenyewe wanasema hivyo. Mvua itakuja, atakuwa msafi. Basi nani ameumia?

Nimelisoma tena hili na naliona ni sawa. Povu nitalichota mimi kila asubuhi. Nitasema nasafisha shimo.

Ijumaa, 19 Julai
Ameapa. Ilikuwa mbali na nyumba, upande wa upepo, mimea isiharibiwe na kithitu. Mwikali alifika amevaa kipande kimoja cha nguo, mikono imepasuka, majivu yamekaa kwenye nyufa. Mtoto alibaki na bibi yake. Akachukua kijiti. Sauti yake haikutetemeka. Alisema, "Kama nilichukua hiyo kitu ya Mzungu, kinimalize. Mimi na wale nimezaa."

Mzee mmoja akanigeukia, akauliza kama nami, niliyemshtaki, niko tayari kushika kijiti. Nikamwambia dini yangu hairuhusu. Ni kweli hairuhusu. Lakini si kwa sababu hiyo nilikataa. Niliogopa.

Yule mzee akatema mate kando.

Jumatatu, 29 Julai
Povu jema. Nimewaambia wanawake wazidishe majivu.

Bwana aliuliza lile povu ni nini. Nikasema jasho na uchafu wa watu weusi. Alikubali mara moja. Ukitaka Mzungu asitazame kitu, mwambie ni uchafu wetu.

Alhamisi, 15 Agosti
Baridi haijawahi kuwa hivi. Upepo unashuka vilimani kutwa. Kyalo anakohoa. Mwikali amemweka kwenye kivuli cha mwamba penye upepo mdogo, na Syombua anamshikilia. Kikohozi chake ni cha mtu mzima. Ngozi yake imekuwa ya kijivu, imechanika kwenye magoti na shingoni.

Mwikali aliniomba ampake mafuta mtoto kifuani tu. Aliomba kwa adabu, kwa kuinama. Ningeweza kusema ndiyo. Mafuta ya kifua cha mtoto mmoja hayanipunguzii wala kuniongezea chochote, nani ajuaye zaidi yangu?

Nilisema hapana. Wenzake walikuwa wanatazama. Ukimlegezea mmoja umewalegezea wote.

Jumatano, 28 Agosti
Mtoto amekufa alfajiri. Kifua.

Mutua hakuja kazini. Mwikali pia. Wengine walikuja, lakini vinu vilikwenda polepole. Nilifikiri wanaomboleza. Mchana nikawasikia wakinong'ona kwenye visima vya mchangani, na nikaelewa. Hawaombolezi. Wanahesabu. Aliapa kwa wale aliowazaa, na mmoja ameondoka.

"Kithitu kimejua nyumba yake," alisema mmoja. Ni yule aliyekuwa akigawana mtama na Mwikali.

Sikuweza kula. Kisha nilikasirika, nikala.

Jumapili, 8 Septemba
Mwikali amerudi kazini tangu juzi. Hakuna anayekaa karibu naye. Kinu chake wamekisogeza pembeni. Akiteka maji, wengine wanangoja kisima kijae upya, hawateki nyuma yake. Mama mkwe hali chakula alichopika. Amekonda, na hasemi kitu. Yule mchekaji.

Leo Syombua hakuja naye. Ana homa. Kijiji kizima kinajua ana homa, na kijiji kizima kinatazama mlango ule kama watu wanaotazama moto wa jirani ukila paa.

Mutua amepigana na mkewe. Jicho la Mwikali limevimba. Mutua anamwambia aungame kabla kiapo hakijammaliza na huyu. Anamwambia, kama hukuiba, mbona Kyalo amekufa?

Mimi ningeweza kumjibu. Kyalo amekufa kwa baridi, kwa kukosa mafuta, kwa sababu ya debe langu la majivu. Sentensi moja tu. Nimeijaribu kwa Kiswahili na kwa Kikamba nikiwa peke yangu. Inatoka vizuri kwa lugha zote mbili.

Jumamosi, 21 Septemba
Sijasema. Nimekwenda mpaka karibu na boma la Mutua, nikamwona Mwikali amekaa nje, kichwa cha binti kiko mapajani mwake. Nikageuka. Ningesema nini? Na baada ya kusema, ule mkebe wa dhahabu ya povu ulio chini ya kitanda changu ningeuelezaje? Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi zangu zimepita na hakuna aliyenikamata. Nimechukia kila mtu njiani mpaka nikafika kambini.

Jumanne, 1 Oktoba
Bwana amekata tamaa. Anasema jiwe la Nuu limekauka, ni mawe matupu, hata ufagio wa kulifagilia ni hasara. Ameuza vinu. Anakwenda Kakamega wanakokwenda wenzake wote. Mimi nabaki kufunga kambi, halafu nakwenda Migwani. Si kupima chumvi. Nitafungua duka langu mwenyewe, upande wa pili wa barabara, kaka aniangalie kutoka kwenye mlango wake.

Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumamosi, 5 Oktoba
Wamekuja leo asubuhi. Mutua, mzee mmoja, na Mwikali nyuma yao akimvuta mbuzi. Syombua amebebwa mgongoni mwa baba yake, macho amefumba nusu.

Mutua alisema, "Nyapara, tumekuja kusema pole. Hii kitu imetumaliza. Mzungu amekwenda, lakini wewe ndiyo ulimshtaki, na wewe ndiyo unaweza kukubali. Kubali mbuzi, mzee apoze kile kiapo, huyu mtoto abaki."

Mzee akasema ni lazima mwanamke aungame kwa kinywa chake, mbele yangu.

Mwikali akasogea. Akasema, "Mimi nilichukua."

Mzee hakuridhika. Akasema mtu akiungama husema alikificha wapi, la sivyo kiapo hakisikii. Mwikali aliinua macho, akamtazama mtoto mgongoni, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anatafuta. Nikaona kabisa kwamba anatafuta uongo wa kufaa na haupati, kwa kuwa hajui mwizi hufanyaje.

"Kwa nywele," akasema mwisho. "Nilishika na mafuta, nikaweka kwa nywele."

Wote wakanigeukia mimi.

Nilisema nimekubali.

Mutua alishusha pumzi kwa nguvu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Mzee alifanya mambo yake kwa maji na majani, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Mbuzi nilimchinja mwenyewe. Alikuwa mnono kwa msimu huu, sijui walimlisha nini. Tukachoma. Mutua alinipa mbavu.

Nilipomaliza, mikono ilikuwa imejaa mafuta mpaka kwenye vifundo. Debe la majivu bado liko pale kwenye kichwa cha mfereji, nikachukua kidogo nikasugua. Maji yalikuwa yamebaki kwenye kibuyu kimoja tu, ya shimo yamekauka. Mwikali alisimama akaja kunimiminia. Povu likatoka jeupe, likashuka vidoleni kwangu na kuanguka kwenye mbao kavu.

Nililitazama kwa mazoea. Halikuwa na kitu.

Nikamwambia amimine polepole, maji ni machache.